Anaitika "Naam", Kisha Anafanya Kinyume

Bibi, assalamu alaykum.

Naandika kutoka Pemba, upande wa Wete. Kijiji naomba usikitaje, maana hapa kila mtu anamjua mwenziwe mpaka mbuzi wake.

Nina mtoto wa kiume wa miaka minane, wa tatu katika wanangu wanne, na yuko darasa la pili. Alichelewa kusema. Wenzake walipokuwa wakiimba na kugombana, yeye alikuwa akikuvuta mkono na kukuonesha anachotaka. Maneno yalianza kuja alipokuwa na miaka mitatu na nusu. Sasa anasema, ingawa mafupi mafupi na mara nyingine yamepinduka. Hilo nimelizoea. Linalonimaliza ni kuwa hasikii.

Si kiziwi, bibi. Ukifungua pakiti ya biskuti chumba cha pili, huyo kashafika. Lakini ukimtuma jambo, ataitika "Naam" kwa adabu zote, ataondoka mbio, kisha utakuta kafanya lake. Mtume chumvi, ataleta sufuria. Mwambie asimwamshe mdogo wake, atakwenda kumwamsha. Mara nyingine anasimama tu mlangoni, ananitazama mikono.

Msimu wa karafuu uliopita ndo yakanifika shingoni. Tulikuwa tumeanika kama pishi ishirini, siku ya tatu juani, zimeshaanza kupiga rangi. Nlikuwa jikoni, nikaona wingu linakuja. Nikampigia kelele: "Kimbia kaanue karafuu kabla mvua haijashuka, na zile mbichi usizianike, ziwache kwenye pakacha!" Akaitika "Naam." Nilipotoka, matone yashaanza. Zilokauka ziko pale pale kwenye jamvi zinarowa, na yeye kachuchumaa pembeni, katandika jamvi la pili, anazitandaza zile mbichi vizuri kabisa kwa viganja viwili. Aliponiona akacheka, anangoja nimsifu. Ami yake akamchapa ufito. Mtoto hakulia kwa maumivu, alilia kwa kutojua kakosa nini. Ile sura yake mpaka leo siilali.

Sasa kila mtu ana lake. Mwalimu wake anasema ni mkaidi na hasikilizi, heri arudie darasa. Mkwe wangu anasema ni hasadi, tumeshamnywesha kombe la aya mara mbili. Baba yake yuko Unguja kikazi, anasema tumtoe chuo cha Kurani kwa sababu Kiarabu, Kiswahili cha skuli na Kipemba chetu cha nyumbani vinamchanganya. Na ustadh wake ndiye pekee anayemsifu: kashahifadhi kuanzia Naasi mpaka Alam tara, kwa taabu, lakini sura akishaishika haimtoki. Kwa hiyo kichwa anacho. Jee, huu ni ukaidi? Ni akili? Nimtoe chuoni? Na mimi nifanye nini hapa nyumbani, maana mtaalamu wa mambo haya sijui pa kumpata.

Mama mwenye mawazo, Pemba

* * *

Waalaykumu salaam, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama pale kwenye jamvi la pili. Mtoto mkaidi hatandiki jamvi. Mkaidi hukaa chini ya mwembe akajifanya hakusikia. Huyu wako alikimbia, akafanya kazi kwa bidii mvua ikimnyeshea, akangoja sifa. Alikuwa akikutii kwa kadiri ya kile kilichomfikia.

Nikianza na neno lako "hasikii". Kwetu neno hili limebeba mizigo mitatu. Hasikii, yaani masikio hayapokei sauti. Hasikii, yaani sauti inafika lakini maana haifiki. Hasikii, yaani hatii. Sisi watu wazima tunaposema "hasikii" huwa tumeshauchagua mzigo wa tatu kabla hatujaipima ile miwili ya mwanzo. Nami sikunyooshei kidole, kwa sababu nimefanya vibaya kuliko wewe, na nilikuwa nalipwa mshahara.

Nimesomesha skuli ya msingi miaka mingi. Mwaka mmoja nilikuwa na mtoto wa kike, mpole, anakaa nyuma. Asubuhi moja nikasema kama tunavyosema walimu siku zote: "Walioleta madaftari wakae, wasioleta wasimame." Akasimama. Daftari kalishika mkononi, kalikumbatia kifuani kabisa. Nikamuuliza, "Na wewe hukuleta?" Akasema, "Nimeleta." Darasa likacheka, na mimi nikacheka nao, kisha nikamwambia ana mchezo. Zilipita siku nyingi kabla sijaitazama vyema ile sentensi yangu. Walioleta. Wasioleta. Tofauti yote iko kwenye silabi iliyojificha katikati ya neno, na mimi nilikuwa nimeitamka haraka nikiwa nimewapa mgongo nafuta ubao.

Kiswahili chetu, mwanangu, kinapakia mambo mengi ndani ya neno moja. "Hatanipikia": nani, lini, ndiyo au siyo, anampikia nani, vyote humo. Mtoto wa kawaida anavifungua vipande hivi bila kufundishwa, kama anavyojifunza kutembea. Wapo watoto ambao vipande hivi vinawaponyoka. Wanashika yale maneno mazito, karafuu, mbichi, anika, kisha yaliyobaki wanayabuni kwa akili zao. Na akili wanazo, tena nyingi, ndiyo maana kubuni kwao mara nyingi huwa sawa na hakuna anayewagundua.

Sasa itazame tena amri yako uliyoitoa jikoni. Ina mambo mawili ya kufanya na moja la kutofanya. Ina "kabla", inayopindua mpangilio. Ina "usi-", silabi ndogo tu inayogeuza maana yote. Na ina "anua" na "anika" ndani ya pumzi moja. Hilo la mwisho ndilo baya kuliko yote. Tuna maneno mengi ya namna hiyo, ya shina moja yanayokwenda pande mbili: funga na fungua, funika na funua, ziba na zibua, tega na tegua. Mtu mzima hata hahisi kuwa yanafanana. Mwanao alipata "karafuu", "mbichi" na "anike", na wewe ulikuwa mbali, uso wako haonekani, sauti ya juu, mvua inakuja. Kwa vipande alivyovipata, jamvi la pili lilikuwa ndilo jibu.

Hali hii inajulikana. Watafiti na wataalamu wa lugha kutoka nchi zinazosema Kiingereza, wakiongozwa na profesa Dorothy Bishop wa Oxford, walikubaliana jina lake mwaka 2017, "developmental language disorder"; kwa Kiswahili naliita tatizo la makuzi ya lugha. Ni mtoto ambaye kusema, kufahamu, au vyote viwili vinamwia vigumu kiasi cha kumkwamisha nyumbani na skuli, na hakuna uziwi wala ugonjwa mwengine unaoeleza kwa nini. Utafiti uliofanywa Surrey, Uingereza, na kuchapishwa 2016 ulikuta asilimia 7 na ushei ya watoto wanaoanza skuli wako hivi, yaani kama wawili katika darasa la watoto 30. Wewe unajua madarasa yetu yana watoto wangapi. Kama hali yetu inakaribiana na yao, basi mwalimu anayesema mwanao ni mkaidi ana wengine humo humo darasani, wamekaa kimya, wanaitikia naam.

Mara nyingi hutembea katika ukoo. Ukiuliza vizuri, usishangae kukuta kuna mjomba au shangazi aliyechelewa kusema. Haitokani na malezi, wala na mama kufanya kazi, wala na kiuzi cha chini ya ulimi. Na kuhusu kombe la mkweo, lishanywewa, halikumdhuru, basi na tuliache lilipo. Usigombane naye kwa hilo. Utamhitaji, nitakuja kukwambia kwa nini.

Lakini mimi sijamuona mtoto, na barua haimpimi mtu. Kwa hiyo kabla ya yote, masikio. Hiyo pakiti ya biskuti haitoshi kuwa kipimo. Mtoto anaweza kusikia mchakacho wa biskuti na mlio wa pikipiki, na zisimfikie sawasawa sauti nyembamba kama s, f na t, ambazo ndizo zinazotenganisha maneno. Tena yapo maji yanayojikusanya nyuma ya kiwambo cha sikio, yanakuja na kuondoka, wiki hii anasikia na wiki ijayo kama kaziba pamba. Usaha, nta iliyoganda, mafua yasiyokwisha, vyote mwambie daktari. Anzia hospitali yenu ya wilaya, omba hasa kipimo cha kusikia, na wakishindwa waombe barua ya kwenda kwa daktari wa masikio hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja. Najua boti ni fedha. Lakini baba yake yuko Unguja, mwana atafikia kwa baba yake. Na kama amewahi kupoteza maneno aliyokuwa nayo, au anapotewa na macho kwa muda na kurudi kama aliyeshtuliwa usingizini, usingoje chochote, mpeleke. Hiyo inaweza kuwa kifafa, nacho kina dawa.

Ukiwa unangoja siku ya hospitali, fanya mchezo huu nyumbani. Chukua kokwa la embe, useme huyu paka. Chukua kifuu, useme huyu kuku. Mwambie, "Paka kamfukuza kuku. Nioneshe." Atavikimbiza. Kisha mwambie, "Kuku kamfukuza paka." Kisha, "Paka kafukuzwa na kuku." Mikono yako ifiche nyuma, macho yako usiyapeleke kwenye kifuu wala kwenye kokwa. Kama kila mara paka ndiye anayefukuza, basi mwanao hasikilizi sentensi, anafuata anachokijua kuhusu paka na kuku wa uani kwenu. Jaribu pia mambo ya kipuuzi: "Tia kijiko ndani ya kiatu." "Weka kitabu juu ya kikombe." Asikuone ukitazama kitu. Umesema mwenyewe kuwa anasimama mlangoni anakutazama mikono. Umeiona dalili bila kujua umeona nini: mikono yako ndiyo kamusi yake. Mchezo huu haumpi mtu jina la ugonjwa, ila utakufumbua macho wewe, ami yake na mwalimu. Wacheze wote pamoja, pamoja na mdogo wake, ili asione anapimwa.

Sasa nyumbani. Kwanza acha kabisa kumuuliza "Umefahamu?" Swali hilo halina jibu ila "naam". Mtoto wa kiume wa Kipemba aliyelelewa vizuri akiitwa anasema naam, akiulizwa anasema naam, na wako kagundua kuwa neno hilo linawafanya wakubwa waridhike na kumwacha. Badala yake mwambie, "Haya nambie, unakwenda kufanya nini?" Akikwambia "kuleta chumvi", mwache aende. Akikwambia jengine, umeipata kasoro kabla sufuria halijafika.

Usimtume kutoka jikoni. Nenda alipo, muite jina, ngoja ageuke, ndipo useme. Zima redio. Sema jambo moja, kwa mpangilio wa kutendeka. Usimwambie "usende chuoni kabla hujaoga na kula", mwambie "Oga." Akimaliza, "Kula." Akimaliza, "Haya, chuoni." Utasema mbona hivi nitakuwa namsemesha kama mtoto wa miaka mitatu. Hapana, sauti iwe ya mtoto wa miaka minane na heshima yake, sentensi tu ndiyo iwe fupi. Na ukisema, nyamaza. Hesabu moyoni mpaka kumi. Hili ndilo gumu kuliko yote kwa sisi wanawake wa visiwani, kwa sababu kimya cha hesabu kumi kinatuwasha. Tunachofanya ni kusema, kisha kurudia kwa maneno mengine, kisha mengine: "Lete ile ndoo. Si nimekwambia ndoo? Hicho chombo cha maji, kile pale, hebu kilete hapa." Wewe unaona umemsaidia mara tatu. Yeye umempa vitendawili vitatu na hajategua hata kimoja. Ukirudia, rudia maneno yale yale. Akishindwa mara ya pili, ndipo uyabadili au uoneshe kwa mkono.

Kuonesha si kumdekeza. Mwanangu, tumia mikono, tumia kitu chenyewe, chora mkaa ukutani ukipenda. Mtoto anayeona na kusikia kwa pamoja anajifunza neno lile; anayesikia tu anakisia. Kazi za asubuhi unaweza kumchorea kwenye karatasi moja, ndoo, mswaki, daftari, msahafu, ukaibandika mlangoni, akawa anaigusa mwenyewe kila akimaliza.

Yale maneno yanayopingana mfundishe kwa kufanya, na fursa unazo tele. Siku ya kufua, mpe nguo tano. "Anika." Ananika. Jioni, pale pale kwenye kamba, "Anua." Anaanua. Funika chungu, funua chungu. Ziba chupa, zibua chupa. Siku nyingi, jozi moja moja, usiziingize zote kwa wiki moja. Akishaizoea jozi, mwache yeye awe mkubwa akuamrishe wewe, nawe ukosee makusudi. Hapo ndipo utaona kama neno limeingia, kwa sababu atakuzomea kwa furaha. Na siku ya mvua ya kweli, usitegemee "anua". Sema "Tia karafuu ndani!" na uoneshe banda.

Kuna na mafumbo. Sisi tunasema kwa mafumbo hata tunapokopesha chumvi. "Shika adabu yako." "Usinitie maneno mdomoni." "Leo utaniona." Mtoto mwenye tatizo hili anayachukua kama yalivyo. Ukimwambia shika adabu, anatafuta cha kushika. Huna haja ya kuacha kusema hivyo maisha yako yote, lakini ukiwa na hasira naye, ndipo hasa useme wazi: "Usimpige mdogo wako." Wengi wanafanya kinyume: hasira inapopanda, ndipo fumbo linapokuja.

Mfundishe pia namna ya kusema kuwa hajafahamu, na hili nalitilia mkazo kwa sababu adabu yetu inalizuia. Kwetu mtoto akimwambia mtu mzima "sijakufahamu" huonekana kamjibu. Basi mpeni neno lenye heshima, mkubaliane nyumba nzima, kama "Samahani, sema tena." Aliseme kwako, kwa ami yake, kwa bibi yake. Na kila akilisema asifiwe, hata kama ni mara ya nne na maharage yanaungua. Siku atakayokwambia "sema tena" badala ya "naam", niandikie barua nyengine, maana hiyo ni hatua kubwa kuliko kutumwa chumvi na kuleta chumvi.

Ufito usitishwe. Sizungumzii huruma peke yake. Mtoto aliyechapwa kwa jambo asilolifahamu anajifunza kuitikia haraka zaidi ili aondoke machoni pa watu, na hapo naam zitaongezeka. Mwonesheni ami yake mchezo wa paka na kuku. Wanaume wengi hawabadiliki kwa maneno, wakiona kwa macho hubadilika.

Chuoni msimtoe. Lugha nyingi hazileti tatizo hili, na kumpunguzia lugha hakulitibu. Mtoto mwenye nalo huwa nalo katika kila lugha aliyonayo. Kipemba chako endelea nacho, ndicho unachokisema vizuri na kwa mapenzi. Mama anayejilazimisha Kiswahili cha kitabuni huishia kusema kidogo na kwa kigugumizi. Tazama pia ustadh anafanya nini ambacho sisi hatufanyi: anarudia maneno yale yale, kwa mwendo ule ule, anangoja, na wanasema pamoja. Ndiyo maana sura zimeingia. Ila tusidanganyike nazo. Kuhifadhi sauti ni kipaji kimoja, kupata maana ya sentensi mpya ni kingine, na Naasi mpaka Alam tara hazikupi habari ya hicho cha pili. Akili yake wala usiitilie shaka kwa haraka, ilivyo kazi ya kukisia maisha yake yote, wapumbavu hawaiwezi. Lakini hilo nalo mtaalamu atalitazama.

Skuli, nenda mwenyewe, asubuhi, kwa upole. Usimwambie mwalimu amekosea. Mwambie, "Mwanangu maneno mengi yakija pamoja yanampotea, naomba unisaidie mambo matatu." Akae mbele. Amri ya darasa zima ikishatolewa, aambiwe tena yeye peke yake kwa maneno machache, au mwenzake mzuri amuoneshe. Na mwalimu akupe maneno mawili matatu ya somo la wiki ijayo. Hilo la tatu ndilo lenye faida kubwa na halimgharimu mwalimu kitu. Kama somo ni sehemu za mti, wewe mpeleke kwenye mkarafuu: shina hili, tawi hili, jani hili, konyo hili, aguse, avunje, anuse. Akiingia darasani maneno yawe yanamfuata yeye, si yeye anayafukuza. Kurudia darasa peke yake hakusaidii, atasikia maneno yale yale kwa kasi ile ile. Wizara yetu ya Elimu ina kitengo cha elimu mjumuisho. Muulize mwalimu mkuu kama kuna mwalimu wa kitengo hicho anayefika kwenye skuli yenu. Wataalamu wa lugha na matamshi wenyewe ni wachache Tanzania nzima, kwa hiyo ukimpata daktari wa masikio muulize na hilo, yeye huwa anajua nani yuko wapi.

Sasa mkweo. Nimekwambia utamhitaji. Kama ni wa umri wangu, ana hadithi. Mwombe kila usiku hadithi moja, fupi, na hiyo hiyo wiki nzima. Paukwa, pakawa. Apewe yale makokwa na vifuu, sungura huyu, fisi huyu, kisima hiki hapa, na kila kinachotokea kitokee mbele ya macho. Anaposema "sungura akamdanganya fisi", sungura ashikwe. Katikati asimame aulize, "Sasa nani yuko kisimani?" Siku ya tatu au ya nne, vifuu apewe mtoto, aseme yeye, maneno yake mafupi yakipinduka bibi ayarudie yakiwa yamenyooka bila kumsahihisha. Hii ni kazi ya dakika 15. Na mkweo akiwa ndani ya kazi, hasadi hataitaja sana.

Sitakuambia atapona kwa msimu mmoja. Upande wa kufahamu huwa mkaidi kuliko upande wa kusema, na wengi huenda nao mpaka utu uzima. Wengine wanakuwa mafundi wazuri, wavuvi, mama wa watu. Atakapofika madarasa ya juu na Kiingereza kikaingia kwenye masomo atahitaji msaada mwengine, tutazungumza ikifika.

Wiki hii fanya mawili tu: uliza siku ya daktari wa masikio, na utafute kokwa na kifuu. Kisha niandikie nani alimfukuza nani.

Bibi